Chai ya Alasiri na Skonzi za Waingereza

Watu wengi hudhani ya kuwa chai ya alasiri ya Waingereza ni jambo la fahari tu, yaani vikombe vyembamba na vitambaa vyeupe. Lakini asili ya desturi hiyo ni njaa, na uhai wake ni ukarimu.

Chai ilipofika London katika karne ya 17 ilikuwa bidhaa ya thamani kubwa. Catherine, binti wa mfalme wa Ureno aliyeolewa na Mfalme Charles II mwaka 1662, aliipenda sana, na wakuu wa nchi wakamwiga. Majani yaliwekwa katika visanduku vyenye kufuli. Mambo yaligeuka mwaka 1784, Serikali ilipopunguza ushuru wa chai kutoka asilimia 119 hadi 12 na nusu. Ndipo kibarua naye akaweza kuinunua pasipo taabu nyingi.

Yasemwa kwamba chai ya alasiri ilianzishwa yapata mwaka 1840 na Anna, mke wa Duke wa Bedford. Siku zile wakubwa hawakula chakula cha usiku mpaka saa mbili. Bibi huyo, akisikia njaa alasiri, aliagiza chai, mkate na siagi chumbani mwake. Kisha akaanza kuwaalika rafiki zake. Wafanya kazi nao walikuwa na chai yao. Walipotoka kazini jioni waliinywa pamoja na nyama, mkate na jibini, nacho kilikuwa chakula cha kushiba.

Skonzi ilitoka Scotland, ambako zamani ilikuwa mkate bapa uliookwa juu ya chuma cha moto. Msomaji asiichanganye na skonzi ya dukani hapa Kenya, ambayo huumuliwa kwa hamira. Skonzi ya Kiingereza hutiwa poda ya kuumulia, wala haina haja ya kungojwa iumuke. Siagi husuguliwa katika unga wa ngano kwa ncha za vidole, kisha hutiwa maziwa na sukari kidogo. Kinyunga hakikandwi sana, kwa maana kikikandwa mno skonzi huwa ngumu. Huokwa kwa dakika 12 hadi 15 katika tanuri yenye moto mkali, nayo yafaa kuliwa siku ile ile.

Mezani, skonzi hupasuliwa katikati, na kila nusu hupakwa jamu na malai mazito. Watu wa Devon hutanguliza malai. Watu wa Cornwall hutanguliza jamu, na ubishi wao haujaisha mpaka leo. Lakini katika jambo moja hawabishani: mwenyeji humimina chai kwa mkono wake, humwuliza kila mgeni kama apenda maziwa na sukari, naye hujimiminia mwisho.

Desturi hiyo ilijaribiwa wakati wa vita. Kuanzia Julai 1940 kila mtu alipimiwa aunsi mbili tu za chai kwa juma, na kipimo hicho hakikuondolewa mpaka Oktoba 1952. Chai ikawa nyepesi, lakini buli halikuondoka mezani.

Mkulima wa Kenya naye ana sehemu yake katika meza hiyo. Kiwanda cha Ragati, Nyeri, kilianza mwaka 1957 kusaga majani ya wakulima wadogo, na hata leo Uingereza ni mmoja wa wanunuzi wakubwa wa chai ya Kenya. Yule achumaye majani mawili na chipukizi katika umande wa asubuhi amekwisha kumkaribisha mgeni asiyemjua.

Basi asidhani mtu kwamba ni lazima awe na mali ndipo akaribishe. Unga, siagi, maziwa, na nusu saa ya kuketi pamoja bila haraka vyatosha. Katika hivyo vyote, ile nusu saa ndiyo isiyouzwa dukani.