Stika ya Bima Pekee Hailipi Pikipiki Iliyoibwa: Mambo ya Kuzingatia kwa Wamiliki wa Kilwa na Lindi

Nangurukuru wilayani Kilwa ni njia panda ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara hukutana na njia za Kilwa Masoko na Liwale. Abiria anayeshuka hapo mara nyingi humaliza safari yake kwa pikipiki, kwa kuwa ndiyo inayofika mahali ambapo basi haliendi. Pikipiki hiyohiyo humpeleka mgonjwa katika Hospitali ya Kinyonga iliyopo Kilwa Kivinje na kumbebea mkulima gunia la ufuta hadi ghalani.

Kwa vijana wengi wa pwani ya Lindi, chombo hicho ndicho mali ya kwanza yenye thamani kubwa. Baadhi hukinunua baada ya mauzo ya ufuta au korosho, wengine kwa mkataba wa kumlipa mwenye chombo kidogo kidogo hadi kiwe chao, na wengine kupitia vikundi vinavyonufaika na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 hutengwa kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Pikipiki inapoibwa, kipato hukatika siku hiyohiyo, lakini deni hubaki palepale.

Hapo ndipo mmiliki huitazama stika yake ya bima akitarajia kulipwa. Iwapo atalipwa au la, hutegemea mambo mawili: aina ya bima aliyokata na jina lililoandikwa kwenye kadi ya pikipiki.

Bima ya lazima humlinda nani

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza kutumia chombo cha moto barabarani bila bima inayowalinda watu wengine. Hii ndiyo ambayo wananchi wengi huiita bima ndogo. Lengo lake ni kuhakikisha kwamba mtu anayegongwa na kuumia, au familia ya aliyefariki katika ajali, inapata fidia hata kama dereva hana uwezo wa kulipa. Bima hiyo haimlipi mwenye pikipiki kwa chombo chake kilichoharibika, kuungua au kuibwa.

Mmiliki anayetaka kinga dhidi ya wizi anapaswa kuomba bima inayotaja wizi waziwazi. Anaweza kukata bima ya watu wengine iliyoongezewa moto na wizi, au bima kubwa, ambayo kwa kawaida hujumuisha pia uharibifu wa chombo chenyewe katika ajali. Kabla ya kulipa, ni vyema kumtaka wakala aonyeshe ndani ya hati ya bima sehemu inayotaja wizi, pamoja na masharti yake.

Gharama hukokotolewaje

Ada ya bima kubwa hutokana na thamani ya chombo na matumizi yake. Pikipiki ya biashara hukabiliwa na hatari zaidi kuliko ya matumizi binafsi, kwa kuwa hutembea muda mrefu na hubeba abiria wasiofahamika. Juu ya ada huongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18.

Kwa mfano wa hesabu tu, pikipiki ya shilingi 2,500,000 ikikatiwa bima kwa asilimia 5, ada itakuwa shilingi 125,000 na kodi shilingi 22,500, jumla shilingi 147,500 kwa mwaka. Kiasi hicho kikigawanywa kwa siku 365, ni takriban shilingi 404 kwa siku. Kampuni hutofautiana, hivyo mmiliki anashauriwa kulinganisha zaidi ya moja na kuuliza pia sehemu ya hasara ambayo mteja hubeba mwenyewe.

Wapo wanaoandikisha pikipiki ya bodaboda kama chombo binafsi ili kupunguza ada. Nafuu hiyo ni ya muda. Mkataba wa bima hujengwa juu ya ukweli wa pande zote mbili, na taarifa isiyo sahihi inaweza kusababisha madai kukataliwa wakati fidia inapohitajika zaidi.

Kadi yenye jina la mtu mwingine

Pikipiki nyingi hupita mikononi mwa wamiliki kadhaa huku kadi ikibaki na jina la mnunuzi wa kwanza. Mwenye chombo cha namna hiyo hupata ugumu kuthibitisha umiliki wake Polisi na kwa kampuni ya bima. Muuzaji naye hubaki hatarini, kwa kuwa makosa ya barabarani yanayorekodiwa kwa namba ya usajili humrudia yeye.

Uhamisho wa umiliki hufanyika katika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), kwa mkataba wa mauziano, kadi halisi na namba za utambulisho wa mlipakodi za pande zote mbili. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi alinganishe namba ya chesisi na ya injini na zile zilizo kwenye kadi. Zikitofautiana, au zikionekana kufutwa, asinunue.

Wizi unapotokea

Mmiliki atoe taarifa mara moja katika kituo cha Polisi kilicho karibu, apewe namba ya taarifa maarufu kama RB, kisha aijulishe kampuni ya bima ndani ya muda uliotajwa kwenye hati. Nakala ya kadi na ya hati ya bima zihifadhiwe nyumbani. Zikiwekwa chini ya kiti huondoka pamoja na pikipiki. Wanaoacha vyombo vyao ufukweni Kilwa Masoko ili kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani wafunge usukani na gurudumu, na waondoke na ufunguo.

Uhalali wa stika unaweza kuhakikiwa katika mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Mteja asiyeridhishwa na uamuzi wa kampuni anaweza kuwasilisha malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO).

Wamiliki wa pikipiki wanahimizwa kusoma hati zao za bima sasa, wakati chombo bado kipo mlangoni, na kuhakikisha kwamba jina lililo kwenye kadi ni lao.