Kete Moja Chini ya Godoro

Baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja alinisubiri barazani, upande wa wanawake. Mkononi alikuwa na leso ndogo iliyofungwa fundo, wala hakuifungua.

“Maalim,” akasema, “hii nimeikuta chini ya godoro la mwanangu. Nikiitupa, nitakuwa nimemficha mhalifu? Na nikiipeleka kituoni, mwanangu nitamwona tena lini?”

Nilinyamaza kidogo. Sikutaka kumwambia pale pale kwamba wakati ule, mbele ya sheria, aliyepatikana na unga alikuwa ni yeye.

Akina mama wa Pwani mnaujua msiba huu kuliko sisi wenye mimbari. Unga umetuharibia vijana Mombasa, Malindi na Lamu, na uharamu wake hauna mjadala. Kwa hiyo tulidai adhabu kali. Mimi mwenyewe nilihutubia hivyo Ijumaa zaidi ya moja, na waumini wakaitikia kwa nguvu. Sheria ilikuwa kali tangu mwaka 1994. Aliyeithibitishia mahakama kwamba unga ulikuwa wa matumizi yake mwenyewe aliweza kufungwa miaka 20, na mlanguzi alikabiliwa na kifungo cha maisha pamoja na faini isiyopungua shilingi milioni moja. Mwaka 2022 adhabu za ulanguzi zikapangwa kwa uzito: anayelangua zaidi ya gramu 100 faini yake haipungui milioni 50, au kifungo cha miaka 50.

Litazameni neno hilo “au”. Tajiri mwenye majumba na magari huweza kuuza kimoja akalipa. Kijana wa maskani, hata faini yake ikiwa ndogo mara elfu, hana cha kuuza. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya papa hujikuta imejaza wavu dagaa.

Tena adhabu inapokuwa nzito mno, hofu huhamia nyumbani. Mama huficha, dada hunyamaza. Kijana akizidiwa na sindano, wenzake hukimbia badala ya kumpeleka hospitali, wakichelea kuulizwa na polisi. Sheria humgusa hata mwenye nyumba anayeruhusu nyumba yake itumiwe kwa mambo hayo. Basi ajuza anayeishi na mjukuu mtumiaji, je, ameruhusu au ameshindwa?

Wamarekani waliipita njia hii kabla yetu. Mwaka 1986 walipitisha sheria iliyomlazimu hakimu kumfunga miaka isiyopungua 5 aliyeuza gramu 5 tu za kokeini ya mawe, ile waiitayo krak. Kwa kokeini ya unga, kifungo hicho kilihitaji gramu 500. Walengwa walikuwa walanguzi wakubwa. Lakini mlanguzi mkubwa ana majina ya kuwapa waendesha mashtaka ili apunguziwe, ilhali mwanamke aliyepokea simu au kubeba mkoba hana analolijua, basi hana la kubadilishana. Kemba Smith alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyependana na mlanguzi. Mwanamume huyo aliuawa, naye binti akahukumiwa miaka 24 na nusu. Alijifungua mtoto wa kiume akiwa mahabusu, na wazazi wake ndio waliomlea mtoto. Rais Clinton alimwachilia Desemba 2000. Ilipofika mwaka 2010 ndipo gramu zile 5 zikapandishwa hadi 28.

Msomaji atauliza: je, Sheikh anatetea mateja? Hasha. Ninakumbuka tu kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), ambaye hakuna anayeweza kumwita mlegevu, alisimamisha hadi ya kukata mkono katika mwaka wa njaa kubwa Madina, ule ulioitwa Mwaka wa Majivu. Hukumu ya wizi haikubadilika. Yeye aliitazama hali ya watu kwanza. Na wanazuoni wetu wamekubaliana kwamba hadi huzuiwa na shaka. Sasa hakimu wetu anayefungwa mikono na kima cha chini atamtazama vipi mtu aliye mbele yake?

Mfungeni mlanguzi; hilo silipingi. Lakini mgonjwa awe na mlango wa kupitia bila kuhofia pingu. Kliniki za methadoni zilifunguliwa Malindi na Kisauni mwaka 2015, na nimewaona waliokuwa wakilala mitaroni wakirudi safu ya kwanza msikitini.

Yule mama nilimwambia asiibebe leso ile hatua moja zaidi barabarani. Tuliumwaga unga chooni pale pale msikitini, nikamwagia maji mimi mwenyewe. Kijana tulimwendea usiku, mimi na mjomba wake, tukakaa naye hadi karibu na alfajiri.

Sasa huenda kunywa dozi yake kila asubuhi. Mama yake humsindikiza hadi getini na kumngoja nje, kwa kuwa bado anaogopa msako wa njiani.