Manning au Tebow: ubishi uliougawa mji wa Denver

Wapenzi wa michezo wanafahamu kwamba hakuna ubishi mkali kama ule unaozuka pale mchezaji mpya anapoletwa kuchukua nafasi ya kijana aliyekwisha kupendwa. Ubishi wa namna hiyo uliwagawa mashabiki wa mji wa Denver, jimboni Colorado, nchini Marekani, mwezi wa Machi 2012. Tunaona yafaa kuueleza hapa, kwa kuwa jibu lake lilichukua karibu miaka minne kupatikana, na lilipopatikana halikuwa lile lililotazamiwa na upande wowote.

Katika kandanda ya Kimarekani, mpira una umbo la yai na hushikwa kwa mikono. Takriban kila shambulio hupitia kwa mchezaji mmoja aitwaye kwotabeki. Yeye ndiye apokeaye mpira, na kwa sekunde chache tu huamua kama ataurusha kwa mwenzake aliye mbali, atampa aliye karibu, au atakimbia nao mwenyewe, huku majitu ya upande wa pili yakimjia ili yamwangushe. Ndiyo maana timu inaposhindwa yeye hulaumiwa kwanza, na inaposhinda hubebwa mabegani hata kama hakustahili.

Timu ya Denver Broncos ilianza msimu wa 2011 kwa kushinda mchezo mmoja tu kati ya mitano. Hapo akakabidhiwa kazi Tim Tebow, kijana wa miaka 24, mcha Mungu, aliyekuwa akipiga goti uwanjani kusali. Tarehe 23 Oktoba, dhidi ya Miami Dolphins, timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi 15 kwa 0 zikiwa zimebaki dakika zisizotimia tatu. Ikasawazisha, na kushinda 18 kwa 15 katika muda wa nyongeza. Huko Kansas City alirusha pasi 8, zikafika 2 tu, na bado wakashinda. Mwezi Januari 2012, katika mtoano, shambulio la kwanza la muda wa nyongeza lilikuwa pasi yake kwa Demaryius Thomas, yadi 80, bao, na Pittsburgh Steelers wakafungishwa virago. Wiki iliyofuata New England Patriots waliwachapa 45 kwa 10.

Ndipo akaja Peyton Manning. Huyu alikuwa amekwisha kutunukiwa heshima ya mchezaji bora wa ligi mara nne. Lakini alikuwa anakaribia miaka 36, alikuwa amepasuliwa shingo zaidi ya mara moja, na msimu wote wa 2011 hakucheza hata dakika moja. Klabu yake ya Indianapolis Colts ilikuwa imemwacha. Denver ikampa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 96, na kesho yake Tebow akapelekwa New York Jets. Mwenye uamuzi alikuwa John Elway, ambaye enzi zake akiwa kwotabeki alikwisha kuiletea Denver ubingwa mara mbili.

Waliompenda Tebow waliuliza: ni haki gani hii, mtu aliyeshinda kuondolewa ili ampishe mgonjwa? Wenzao walijibu kwamba pasi za Tebow zilizofika hazikutimia nusu, na kwamba michezo mitatu ya mwisho ya ligi alipoteza yote. Miujiza si mpango wa kazi. Sisi tunaona kwamba watu hawa hawakuwa wakibishana juu ya jambo moja. Wa kwanza walihesabu ushindi, wa pili walihesabu ufundi, na kila mmoja alimwona mwenzake kipofu.

Mwanzoni ufundi ulionekana kutamalaki. Tarehe 15 Oktoba 2012, huko San Diego, Denver ilikuwa nyuma 24 kwa 0 wakati wa mapumziko, ikashinda 35 kwa 24, na tangu siku ile haikupoteza tena mchezo wa ligi msimu ule. Mwaka uliofuata Manning alirusha pasi 55 za mabao, idadi ambayo ligi ile haikuwa imepata kuiona. Tebow, kwa upande wake, alirusha pasi 8 tu msimu mzima wa 2012 huko New York, na hakucheza tena mchezo wa ligi. Nani angeendelea kubisha?

Hata hivyo, timu ile ya mabao 55 ilipofika fainali, mwezi Februari 2014, ilifungwa na Seattle 43 kwa 8. Ubingwa ulikuja msimu wa 2015, wakati mkono wa Manning ulipokuwa umechoka. Mwezi Novemba, dhidi ya Kansas City, pasi zake 5 tu kati ya 20 zilifika, 4 zikanaswa na wapinzani, akatolewa nje. Kwa msimu mzima alinaswa pasi 17 na kutoa mabao 9 tu. Alirudishwa kabla ya mtoano, na tarehe 7 Februari 2016 Denver ikaifunga Carolina 24 kwa 10. Siku hiyo Manning alipata yadi 141, kiasi kidogo mno kwa mtu kama yeye. Walioushinda mchezo ni walinzi, na heshima ya mchezaji bora wa fainali akapewa mlinzi Von Miller, aliyekuwamo pia katika kikosi cha Tebow mwaka 2011.