Miaka 15 ilitoka wapi? Chimbuko la umri wa ndoa kwa wasichana Tanzania

Sisi tulio ughaibuni tunachangia harusi za nyumbani mara kwa mara. Ujumbe huingia kwenye kundi la WhatsApp ukiwa na jina la bibi harusi, kiwango cha mchango na namba ya kutumia pesa. Umri wake hautajwi. Naona tuanze kuuliza, na anayeuliza ni vema ajue sheria ya Tanzania Bara inasemaje na ilifikaje hapo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa hatua kubwa, na wanaoitetea wana sababu. Kabla yake, ndoa za kimila, za Kiislamu, za Kikristo na za kiserikali zilifuata kanuni tofauti. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilitoa waraka wa mapendekezo mwaka 1969, wananchi wakajadili, kisha zote zikawekwa chini ya sheria moja. Kifungu cha 66 kilisema wazi kuwa mume hana haki ya kumpiga mkewe, wala mke mumewe. Kifungu cha 114 kiliruhusu mahakama kugawa mali waliyochuma pamoja, na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ikatambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali hiyo.

Sheria hiyo moja, hata hivyo, ilikuwa maridhiano ya watu wazima, na gharama yake ikabebwa na watoto wa kike. Kifungu cha 13 kiliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke. Mahakama ikiona sababu maalumu, hata 14. Kifungu cha 17 kinamtaka binti aliye chini ya miaka 18 apate idhini ya baba. Baba akiwa amefariki, ya mama. Wote wakiwa hawapo, ya mlezi.

Idhini hiyo ndiyo inayoniumiza zaidi. Kifungu cha 16 kinadai hiari ya wote wawili wanaooana. Lakini binti wa miaka 15, anayelala na kula kwa baba yake, ataikataaje posa ambayo baba ameshaipokea? Kinga yake imeachwa mikononi mwa mtu yuleyule anayesubiri mahari.

Sheria nyingine nazo zinavutana. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto kuwa yeyote aliye chini ya miaka 18. Kanuni ya Adhabu inahesabu kumwingilia binti wa chini ya umri huo kuwa ubakaji, hata akikubali, isipokuwa kama ni mke wa mhusika na ametimiza miaka 15. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Aliyeishia darasa la saba kwa sababu kwao hakuna uwezo hana ulinzi huo, na ndiye anayeposwa mapema.

Mwaka huohuo Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa Msichana Initiative, alivipinga vifungu vya 13 na 17 Mahakama Kuu. Julai 2016 majaji walikubaliana naye kwamba vinakiuka Katiba, wakaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha ili umri uwe 18 kwa wote. Serikali ikakata rufaa, hoja yake mojawapo ikiwa sheria ilizingatia mila na dini za Watanzania. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo. Mwaka mwingine ukapita bila Bunge kubadilisha kitu. Wakati huo takwimu za 2015/16 zilikuwa zimeshaonyesha kuwa asilimia 31 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza 18.

Wanaodai kuwa miaka 18 ni shinikizo la Wazungu wajue kwamba Kenya iliweka umri huo kwa wote katika Sheria ya Ndoa ya 2014. Uingereza na Wales zilikuja nyuma yake: hadi Februari 2023, mwenye miaka 16 aliweza kuolewa kwa idhini ya wazazi. Sasa mzazi anayeishi huko akimpeleka Tanzania bintiye wa miaka 16 akaolewe, hata kwa sherehe ya kidini isiyosajiliwa, ametenda kosa la jinai, na anaweza kushtakiwa akirudi.