Picha ya Kagunga na Bando la Mkazi Wake

Mei 2015, maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko nchini mwao walijazana kwenye ufukwe mwembamba wa Kagunga, kijiji cha Tanzania mpakani mwa Burundi, kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe. Nyuma yao milima, mbele yao Ziwa Tanganyika, na meli ya MV Liemba ikiwachukua kwenda Kigoma. Picha za siku zile zilienea duniani haraka. Zilifunguka London na New York bila taabu. Mimi ninayetengeneza kurasa za tovuti najiuliza jambo jingine: mkazi wa Kagunga naye aliweza kuzifungua kwa bando lake?

Tupige hesabu. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, na faili lake mara nyingi huwa la megabaiti 3 hadi 5. Mtandao ukiwa na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, faili la megabaiti 4 litashuka kwa sekunde 16. Weka picha kumi za namna hiyo kwenye ukurasa mmoja, msomaji ameshalipia megabaiti 40, tena kwa pikseli ambazo nyingi hatazionea faida, maana vioo vya simu nyingi vina upana wa pikseli 720 au 1080 tu.

Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu aina ya faili, punguza upana. Picha ile ile ikishushwa hadi 1200 kwa 900 inabaki na pikseli milioni moja na kidogo badala ya milioni 12. Ukiibana kwa ubora wa 75 au 80 kati ya 100, aghalabu itakuwa chini ya kilobaiti 200, na itafunguka ndani ya sekunde moja. Picha halisi ya kamera itunze pembeni, usiiguse.

Ndipo tuje kwenye aina. JPEG, iliyoanza kutumika mwaka 1992, huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, kisha hutupa tofauti ndogo ambazo jicho halizitambui kwa urahisi. Ndiyo maana ziwa tulivu la asubuhi hutoa faili dogo, ilhali dagaa walioanikwa, kila mmoja na mng'ao wake na kivuli chake, hutoa faili kubwa zaidi hata kama vipimo ni vilevile. Dagaa hao usiwabane kupita kiasi: magamba yatageuka ukungu wa miraba.

PNG haitupi kitu. Inafaa nembo, herufi na mchoro wenye rangi chache, lakini ukiitumia kwa picha ya machweo ya Ujiji utapata faili zito bila sababu. WebP, ya Google, hufanya kazi zote mbili na kwa kawaida huwa nyepesi kuliko JPEG. Vivinjari vya leo vinaisoma, nami ndiyo ninayoichagua kwanza. Ramani ya mwambao kutoka Kagunga hadi Ujiji ichorwe kwa SVG, kwa kuwa hata ukiivuta vipi mistari haichakai.

Kuna kosa linaloniuma zaidi ya yote: ratiba ya boti au tangazo la zahanati kupigwa picha na kupandishwa hivyo hivyo. Andika maneno yale kama maandishi. Yatakuwa mepesi mno, yatapatikana kwa kutafuta, na asiyeona ataweza kusomewa na simu yake.

Jambo la mwisho ni la usalama wa watu. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, kwa nyuzi za latitudo na longitudo. Kwa picha ya mkimbizi au mtoto, taarifa hiyo inaweza kumfikisha mlangoni mtu mwenye nia mbaya. Ifute kabla hujapandisha picha, na usiiachie kazi hiyo tovuti yoyote.