Sungura Mharibifu: Dawa Yake Si Fimbo

Huko Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Katika miezi hiyo nyavu huhifadhiwa nyumbani. Ole wake mvuvi aliyefuga sungura chini ya paa hilo hilo! Huenda akakuta nyavu zimekatwakatwa na sakafu ya udongo imefukuliwa hadi chini ya ukuta.

Yafaa ieleweke kwamba mnyama huyo hafanyi inda. Meno yake hukua maisha yake yote. Asipoyapunguza kwa kutafuna, hurefuka hata akashindwa kula. Nao mababu zake, sungura-mwitu wa Hispania, waliishi katika mashimo waliyoyachimba wenyewe. Jike mwenye mimba, ambaye huzaa baada ya siku 31 hivi, huchimba zaidi akiwatafutia wanawe maficho.

Kwa hiyo fimbo haifai kitu. Nyavu na zitundikwe juu kwenye boriti. Sungura na apewe nyasi kavu kwa wingi kila siku, pamoja na vijiti vya mpera. Majani mabichi ya muhogo yana sumu, asipewe. Awekewe sanduku la mchanga la kuchimbia, na jike atengewe sanduku la kuzalia siku chache kabla ya kuzaa.

Akipata chake cha kuguguna na pake pa kuchimba, mwenye nyumba naye atarudi ziwani mwezi wa Machi na nyavu nzima.