Kuitazama Kibla Kutoka Angani

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Tangu mwaka 2005, programu ya Google Earth imewawezesha watu kuizunguka dunia bila ya malipo, kwa picha zilizopigwa na satelaiti na ndege. Picha hizo si za papo hapo. Nyingine zina umri wa miaka. Hata hivyo, paa la msikiti wa mtaani huonekana, na Al-Kaaba huonekana. Ukivuta mstari baina ya viwili hivyo, umeipata kibla.

Hapo ndipo baadhi ya vijana wanapowaambia wazee: "Mihrabu yenu imepinda, Sala zenu zote zimebatilika." Jamaa ikagawika. Tuseme nini?

Kwanza, upimaji huu si jambo geni katika Uislamu. Mwaka 1025, Al-Biruni alikamilisha kitabu cha kupima mahali ilipo miji, akikusudia pia kuipata kibla ya Ghazna. Wazee wetu wa pwani nao waliiita kaskazini "kibla", na hawakukosea: kutoka Dar es Salaam, Makka ipo karibu kaskazini kamili, umbali wa kiasi cha kilomita 3,100. Lakini aliyeko Kigoma hana budi kugeuka kiasi cha digrii 20 kuelekea mashariki.

Pili, Aya ya 144 ya Suratul Baqara inatuamrisha kuuelekea Msikiti Mtukufu. Wanazuoni walio wengi wamesema kwamba aliye mbali hutakiwa kuelekea upande wake, si kulilenga jengo lenyewe. Kupinda kidogo hakubatilishi Sala. Na aliyejitahidi, kisha likambainikia kosa, kwa kauli ya walio wengi harudii Sala zilizopita.

Tatu, kipimo kihakikishwe. Karibu na tarehe 28 Mei na 16 Julai kila mwaka, jua huwa juu ya Al-Kaaba, kiasi cha saa 6:18 na saa 6:27 mchana kwa saa za Afrika Mashariki. Atakayelielekea jua wakati huo ameielekea kibla, bila ya kompyuta.

Ikithibiti kuwa tofauti ni kubwa, basi imamu, wazee na vijana wakae pamoja, wazipange upya safu kwa mikeka. Hakuna haja ya kubomoa ukuta. Kuirekebisha mihrabu ni kazi ya siku moja, ilhali nyoyo zilizofarakana huchukua miaka kuunganika.

Wallahu Aalam.